Yaya, Msimwite Mtoto Kalashnikov

Moscow, majira ya theluji

Kwa Yaya mpendwa na Shemeji, kwa wazee wa baraza hapo Kasongo, na kwa ndugu wa upande wa Kabambare ambako najua barua hii itasomwa kwa sauti huku watu wakila,

Theluji imefika magotini na wenyeji wanasema mwaka huu baridi ni ya upole.

Sauti yenu ya WhatsApp imenifikia. Hongereni kwa kijana! Nimemsikia akilia nyuma ya maneno ya Shemeji, na kwa mlio ule huyo si mtoto wa kusahauliwa wakati wa kugawa nyama. Ombi nalo nimelisikia: kwamba kwa kuwa mjomba wake yuko Urusi, mtoto apewe jina la Kirusi, zito, ambalo Kabambare nzima hakuna mwingine mwenye nalo, na kwamba Shemeji keshachagua. Kalashnikov.

Shemeji, mimi nakuheshimu. Ulitoa mahari ya dada yangu yote, bila kuacha deni. Lakini hilo jina Kabambare wanalijua hata kuku. Hakuna aliyewahi kulala porini na mtoto mgongoni ambaye hakulisikia likizungumza. Halafu huo uzito unaoutafuta haumo ndani yake. Kalach ni mkate mweupe wa ngano, wa kusokota, ambao Warusi wanaula tangu zamani. Mwokaji wake ndiye kalashnik, na Kalashnikov ni "wa mwokaji". Mzee Mikhail Kalashnikov, aliyeunda bunduki ile ya mwaka 1947 na kufariki mwaka 2013, alitembea maisha yake yote na jina la mikate. Kwa hiyo Mrusi yeyote atakayepita Kabambare akasikia mtoto anaitwa hivyo, atajua tu kwamba Shemeji anakaanga mandazi sokoni.

Mzinga Warusi wanao, lakini walimpa mshairi. Babu mmoja wa kale wa Aleksandr Pushkin alipewa lakabu ya Pushka, yaani mzinga, na kizazi chake chote kikawa cha Mzinga. Hivyo aliyetunga mashairi ya mapenzi ni wa mizinga, na aliyeunda bunduki ni wa mikate. Hiyo ndiyo nchi mliyonileta kusoma.

Mambo yenyewe yako hivi. Ule mkia mnaousikia mwishoni mwa majina yao, -ov, -ev, -in, ni jibu la swali moja: wa nani? Ivanov ni wa Ivan. Ilyin ni wa Ilya. Kuznetsov ni wa mhunzi. Popov ni wa padri, na wakatoliki wa Kasongo msishtuke, kwa Waorthodoksi padri wa parokia huwa na mke na watoto, tena kwa halali. Mwanamke huongezewa a: mume Ivanov, mke Ivanova. Mtu mwenye umbo kubwa aliitwa Mnene, na Mnene huyo akazaa ukoo wa kina Tolstoy. Mwenye nundu akazaa kina Gorbachev. Gagarin, mtu wa kwanza kuruka angani, mwaka 1961, jina lake limetoka kwa ndege wa majini ambaye nchi kavu kutembea kwenyewe humshinda. Na Khrushchev, aliyeitishia dunia nzima makombora, ni wa mbawakawa. Ndiyo, yule mdudu anayejigonga kwenye taa jioni.

Bwenini kwetu mlinzi ni wa Mbwamwitu, mpishi ni wa Sungura, mhasibu ni wa Beberu, na mama anayegawa mashuka ni wa Bata Bukini. Wanakaa meza moja na wanakunywa chai. Sijapata kuona amani ya namna hiyo hata katika hadithi za Bibi, maana kwa Bibi lazima mmoja aliwe kabla hatujalala.

Wenyewe pia wanayacheka. Mwaka 1885 Anton Chekhov aliandika hadithi fupi iitwayo Jina la Kifarasi. Jenerali mstaafu anaumwa jino, na msimamizi wake anamjua mganga wa kuliombea, ila jina limemtoka. Anachokumbuka ni kwamba lina mambo ya farasi. Basi nyumba nzima inaacha kazi, watoto kwa wazee, kutafuta majina: wa Farasi, wa Jike la Farasi, wa Kwato, wa Hatamu. Daktari anaitwa, anang'oa jino, ndipo yule msimamizi anakumbuka, baada ya daktari kumwuliza kama anaweza kununua shayiri kwao. Mganga aliitwa Ovsov, wa Shayiri, maana ndicho chakula cha farasi. Nilicheka peke yangu kwenye treni ya chini ya ardhi, watu wakasogea. Huku kucheka peke yako hadharani ni jambo la kuitiwa polisi.

Yaya, utakumbuka Bibi alivyokuwa akitueleza kwa nini kuna watu wanaitwa Mateso, Tabu, Machozi, Sikujua. Huku wamo wote. Nekrasov ni wa Asiye Mzuri, na mmoja wao alikuwa mshairi mkubwa. Nezhdanov ni wa Asiyetarajiwa, yaani Sikujua mtupu. Zamani Mrusi naye alimpa mtoto jina baya ili kifo kikipita kidhani hapo hakuna cha kuchukua. Mtoto wa tatu aliitwa Tretyak, Wa Tatu, basi hapakuwa na cha kufikiri zaidi. Kizazi cha Wa Tatu mmoja kilimtoa mfanyabiashara Pavel Tretyakov, aliyekusanya picha za kuchora akaikabidhi Moscow hazina yote mwaka 1892, na leo watu wanapanga mstari kwenye theluji kuingia katika nyumba ya mtoto wa tatu. Wenye siku wapo pia: Subbotin ni wa Jumamosi, Pyatnitsky ni wa Ijumaa. Kila Yuma na kila Amisi wa Kasongo angepata ndugu hapa.

Sasa niwasimulie yaliyonipata. Nilikwenda ofisi moja kuandikishwa. Fomu ya Kirusi ina nafasi tatu: jina la ukoo, jina lako, na jina la baba lililotiwa mkia wa -ovich. Nikafurahi, kwa sababu nasi Wakongomani tuna tatu: nom, postnom na prénom. Nikaona tatu kwa tatu, nikajaza. Mama wa dirishani akasoma, akavua miwani.

"Baba yako anaitwa nani?"

Nikamtajia.

"Mbona hayumo humu?"

Nikamweleza kwamba la kwanza ni la babu mzaa mama, la pili ni la mjomba wa baba ambaye alikuwa na bahati ya uvuvi, na la tatu nililipata kwa sababu nilizaliwa katika mwezi wa kufunga. Akauliza kama nina ndugu. Nikasema tuko wanne, baba mmoja, mama mmoja. Majina yenu ya ukoo? Nikayataja manne, kila moja na lake. Yule mama akanyamaza kidogo, akanitazama kwa huruma, akaniambia taratibu kwamba hayo ni mambo ya familia na hatayaandika.

Yaya! Mama yetu ameheshimiwa Kasongo miaka yote hii, kumbe Moscow alikuwa na kesi.

Mwishowe postnom ya mjomba wa baba ikatiwa mkia, na sasa kwenye karatasi mimi ni mwana wa mvuvi yule. Baba msimwambie. Au mwambieni akiwa ameshiba.

Kilichonipoza moyo ni majirani. Ghorofa ya juu wanakaa vijana kutoka Dagestan, huko milimani kusini, Waislamu kama sisi. Siku ya kwanza niliposema jina langu, lile la mwezi wa kufunga, wakanikumbatia. Mmoja wao ni Ramazanov! Nikaanza kuwauliza, nikahisi niko nje ya msikiti wa Kasongo siku ya Idi. Omari kwao ni Omarov. Saidi ni Saidov. Selemani ni Suleimanov, Shabani ni Shabanov, Musa ni Musayev, Sumaili wetu ni Ismailov. Na mapacha wetu, Asani na Useni, ambao kila mtaa unao? Gasanov na Guseinov. Hiyo g ni kwa sababu Warusi hawana h laini kama yetu, kwa hiyo tangu zamani huiweka g mahali pake. Hata Hamlet wa Shakespeare huku ni Gamlet.

Usiku huo sikulala kwa kuwafikiria wazee wetu. Mnakumbuka nani aliufanya Kasongo kuwa makao yake kabla ya Wabelgiji? Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip. Mpelekeni kwa yule mama wa dirishani, awaandikie: Gamed Mukhammedovich. Mwanawe Sefu bin Hamed ni Seif Gamedovich. Kumbe sisi tulikuwa na hiyo -ovich siku nyingi, ila tuliiweka katikati, tukaiita bin. Na ile lakabu yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ni mlio wa bunduki zake masikioni mwa watu waliokuwa wakikimbia. Shemeji, jina la bunduki mkoani kwetu Maniema tulikuwa nalo kabla Kalashnikov hajazaliwa, na halikutuletea baraka.

Tena huyo Gamed Mukhammedovich ndiye wa kutufundisha majina yanavyoweza kutumiwa. Alipofika Utetera alimkuta mtemi mzee, Kasongo Rushie. Alikuwa ameshasikia kwamba zamani dada wa mtemi alitekwa vitani. Basi akadai kwamba yeye ni damu ya dada huyo, mjukuu amerudi nyumbani. Mzee akaamini, au aliona bunduki akaona ni afadhali kuamini, akamwachia utawala. Hakupiga hata risasi. Nilipowasimulia hadithi hii vijana wa Dagestan, wakacheka wakasema Moscow wanaijua: mwaka 1605 mtu mmoja aliingia hapa akidai ni Dmitry, mwana wa Tsar Ivan wa Kutisha, ambaye watu wote walijua amekufa mtoto. Wakamvisha taji. Serikali iliyotangulia ilikuwa imesema ni mtawa aliyetoroka, jina lake Otrepyev, jina litokalo kwenye neno la matambara. Baada ya mwaka mmoja wakamwua, kisha akatokea Dmitry mwingine, naye akapata wafuasi. Tofauti na wetu ni moja: Tippu Tip alikufa akiwa mzee, Zanzibar, mwaka 1905, akiwa na mashamba.

Hapo ndipo nilipolifikiria lile swali la "wa nani?" nikaanza kulitilia shaka. Wakulima wengi wa Urusi hawakuwa na jina la ukoo lililoandikwa mahali, kwa sababu walikuwa mali. Walifunguliwa mwaka 1861, na karani alipowauliza "wa nani wewe?" wengine wakajibu kama walivyozoea, kwa kumtaja bwana wao. Karani akaandika. Jina la mwenye shamba likawa la aliyelima. Wengine walingoja hadi hesabu ya watu ya mwaka 1897 ndipo wakapachikwa jina. Wakubwa nao, wakizaa nje, walimpa mtoto kipande tu cha jina: mwana wa nje wa Prince Trubetskoy aliitwa Betskoy, wa Prince Repnin akaitwa Pnin. Kichwa cha jina kilibaki kwa watoto wa ndani.

Miaka hiyohiyo ya 1860 na 1870, kwetu nako watu walikuwa wakiulizwa "wa nani?" Livingstone alikuwa amekwama Bambarre, hiyo Kabambare yenu, akiumwa miguu na kungoja watu na bidhaa, na njia zilipitisha pembe na minyororo. Aliyenunuliwa alivuliwa jina la mama yake akapewa Feruzi, Almasi, Mabruki, majina ya vito na baraka kwa mtu asiye na hata kiatu. Katika misafara ya wazungu alikuwako mmoja aliyeitwa Mabruki Speke. Mabruki wa nani? Wa mzungu Speke. Mpe mkia tu, ni Mrusi kamili.

Kuna na mwingine aliyevuka mbali zaidi. Mtoto Mwafrika alitolewa Istanbul yapata mwaka 1704 akapelekwa kwa Tsar Peter Mkuu. Wasomi wanagombania alikotoka, wengine upande wa Ethiopia na Eritrea, wengine Logone karibu na Ziwa Chad. Tsar akawa baba yake wa ubatizo, kwa hiyo akapata Petrovich, "mwana wa Peter". Jina la ukoo hakuwa nalo, akajichagulia mwenyewe: Gannibal, yaani Hannibal, yule jemadari wa Carthage aliyewatia Warumi tumbo joto. Naye akafika cheo cha jenerali. Huyo ndiye babu mzaa baba wa mama yake Pushkin. Namheshimu mtu huyu kuliko wote niliowataja: aliulizwa "wa nani?" akajibu kwa kumtaja Mwafrika mwenye tembo na jeshi.

Na waungwana wa Kasongo, Yaya, babu zetu, walifanya jambo hilohilo kwa njia yao. Mngwana alikuwa mtu ambaye haulizwi tena ni wa nani. Alijipa Ramazani, Omari, Selemani, akavaa kanzu, akakaa barazani. Yalikuwa majina ya kuazima, sawa, na wengine wao walikwenda kuwafunga wenzao minyororo, hilo nalo tusilifiche kwa mtoto akikua. Lakini hawakuacha mkia. Ndiyo maana sisi ndugu wanne tuna majina manne. Kila mtoto kwetu hufufua mtu wake, si mali ya jina la mwenzake.

Wenye nguvu wa huku baadaye walijipa lakabu wenyewe. Jughashvili akajiita Stalin, wa Chuma. Skryabin akajiita Molotov, wa Nyundo. Sisi tuliwapa wakubwa wetu lakabu bila kuwauliza. Stanley alikuwa Bula Matari, mvunja mawe, na Dhanis, jemadari wa Wabelgiji aliyeuteka Kasongo Aprili 1893, aliitwa Fimbo Mingi. Naiamini zaidi lakabu iliyotolewa na aliyechapwa. Chuma ni sifa. Fimbo Mingi ni ushahidi.

Msidhani jina ni kitu cha kutulia. Jirani yetu wa Sankuru aliyezaliwa Onalua mwaka 1925 kwa jina la Élias Okit'Asombo ndiye dunia ilimjua kama Patrice Lumumba. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Watu kilichoanzishwa hapa Moscow mwaka 1960 kikapewa jina lake mwaka 1961, wakalivua mwaka 1992, wakalirudisha mwaka 2023. Mobutu naye, mwaka 1972, alitangaza kwamba majina ya ubatizo basi, akaacha Joseph-Désiré akawa Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga, na watu wakakimbilia postnom kujaza nafasi iliyobaki wazi. Baba alisema siku hizo walimu waliita rejista ya darasa na hakuna aliyeitika, kila mtoto alikuwa hajazoea.

Jambo moja la Warusi nalipenda, nalo nalileta kwa wazee walifikirie. Mtu mzima wa kuheshimiwa huku huitwa kwa jina lake na la babake: Ivan Petrovich, Ivan mwana wa Peter. Sisi tunageuza: mtu akishazaa, jina lake linakufa, anakuwa Papa Asani, Mama Furaha. Mrusi anaheshimiwa kwa aliyemzaa, sisi kwa tuliyemzaa. Baba ana miaka sabini na bado anaitwa kwa jina la Yaya, ambaye akiwa mdogo alimwuzia redio.

Basi, Shemeji, uamuzi wangu ndio huu. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inasema jina la Mkongomani litolewe katika urithi wa utamaduni wa Kongo, na lisiwe la kutukana, kudhalilisha wala kuchokoza. Kalashnikov kwa Kabambare ni uchokozi. Mpeni mtoto jina la babu yenu aliyelima mpunga ng'ambo ya Luama, postnom ichukuliwe upande wetu ili Mama asinune, na prénom mngoje muone kama ni mcheshi au mkali. Mikia acheni. Kama huwezi kulala bila Kalashnikov, ipake jina hilo pikipiki yako, ila kwenye vizuizi vya barabara ya Kasongo utaeleza mwenyewe.

Yaya, mpeleke mtoto ofisi ya etasivili mapema. Kuandikisha kizazi ni bure ndani ya siku 90. Zikipita, ni mahakama, na mahakamani wataanza kuuliza kwa nini ndugu zako hawana jina lako. Nisalimie Mama, na umwambie karani aandike herufi zote.